Finjani Mbili za Sufuria

Juzi nilikwenda Bagamoyo kumjulia hali mama mdogo. Nilikusudia kukaa saa moja tu, ninywe chai, nirudi zangu. Unanijua, mimi si mtu wa kukaa. Nikamkuta binti yake, mdogo wangu wa kidato cha tatu, amelala kifudifudi barazani, daftari la hisabati mbele yake na penseli mdomoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Anaswali. Dada, njoo unioneshe hapa. Mwalimu kaeleza mara mbili, sijaambulia kitu."

Nikainama. Swali lilikuwa la mstari mmoja. Fanksheni inachukua namba, inaigawa kwa tatu, kisha inaongeza mbili. Tafuta kinyume chake, yaani njia ya kuirudisha namba ilikotoka. Nilisoma mara moja tu, nikasimama. Nikaenda mpaka mwisho wa baraza, nikarudi, nikaenda tena uani kutazama kama nguo zimekauka, nguo ambazo hata si zangu.

"Dada, swali moja tu, umeshaizunguka nyumba nzima!"

Nikampa jibu, nikamwonesha na hatua, akafunga daftari akakimbilia simu yake. Lakini mimi lile swali limenikaa, nimerudi nalo mpaka nyumbani. Aliyelitunga ni kama alikuwa jikoni kwetu. Basi nisikilize wewe rafiki yangu, maana yule mtoto nilimpa hesabu peke yake.

Nimelelewa na bibi mzaa mama, kwa sababu mama alikuwa kazini Dar na kuja kwake kulikuwa kwa mwisho wa mwezi. Nyumba ya bibi ilikuwa hukohuko Bagamoyo, nyuma ya soko, ya mawe na chokaa, yenye uwa mpana na kisima kilichofunikwa bati. Humo tulikuwa wanawake watatu: bibi, mama mdogo, na mimi niliyejihesabu mwanamke toka nikiwa darasa la tatu. Asubuhi mimi nafagia uwa na kukuna nazi, mama mdogo anachota maji, bibi anakaa na jiko lake la mkaa akitupigia kelele sote wawili. Mimi nilipigiwa zaidi. Sikuwa mtundu, bali sikutulia. Nikikuna nazi nasimama mara nne; nikisoma Kurani natikisa goti mpaka rehali inatetemeka. Bibi alikuwa akisema, "Huyu mtoto Mungu kampa miguu, akasahau makalio."

Kazi ya bibi, ile iliyomfanya ajulikane mtaani, ilikuwa kupika udi wa sukari. Kama hujauona, ni vipande vya mti wa udi vinavyopikwa katika shira ya sukari na marashi, vinatiwa ambari, vinaanikwa mpaka vikauke. Ukikiweka kimoja juu ya kaa la chetezo, nyumba nzima inapata habari. Kila nyumba ya kule kwetu ilikuwa na udi wake, na wanawake wazima walikuwa wakimnusa bi harusi mtandio na kumwambia nyumba aliyotoka. Udi wa bibi ulikuwa na ukali kidogo mwanzoni, kisha ukalainika. Sijui nikuelezeje zaidi ya hapo, na hilo ndilo linalonikera.

Bibi alipimia finjani, vile vikombe vidogo vya kahawa visivyo na mkono. Alikuwa na kipimo kizima, ambacho kilipikwa kwa ajili ya bi harusi tu. Cha Idi, cha kufukizia nyumba na nguo za sikukuu, kilikuwa theluthi ya kile. Vipande vya udi theluthi, marashi theluthi, ambari theluthi, sukari theluthi. Lakini kwenye sukari alikuwa na jambo lake moja. Kabla ya kitu chochote aliunguza finjani mbili za sukari kwenye sufuria kavu mpaka zikawa rangi ya kahawa, ili shira ipate rangi na sufuria isishike. Hizo mbili hazikupungua wala kuongezeka. Nikamuuliza siku moja kwa nini asizitoe theluthi na zenyewe.

"Sufuria ni hiihii," akasema, "nipike kidogo, nipike kingi. Sufuria haijui theluthi."

Theluthi alizijua vizuri. Shule hakwenda, ila chuo cha Kurani alikaa miaka mingi, na nusu, robo, thumuni na sudusi alizisoma kwenye mafungu ya mirathi tangu hajavunja ungo. Nilipokuwa darasa la sita mwalimu alituandikia ubaoni nusu mara theluthi, akasema jibu ni moja ya sita. Nikasimama bila kunyoosha mkono. "Mwalimu, tumezidisha, mbona imepungua?" Darasa zima likacheka, mwalimu akaniambia nikae, nikakaa huku nimenuna mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Bibi alikuwa uani na nanasi la Kiwangwa, yale makubwa yenye maji mpaka kiwikoni. Nikamweleza dhuluma niliyofanyiwa. Akalikata nanasi mafungu matatu, akaweka mawili kando, lile moja akalikata katikati na kunipa kipande.

"Nimekupa nusu ya nini?"

"Ya theluthi."

"Na ni ngapi ya nanasi zima?"

Nikatazama mafungu, nikahesabu kwa macho. "Sudusi."

"Basi kula, uache kugombana na walimu."

Nikala. Kuanzia siku ile sehemu hazikunisumbua tena. Wenzangu walikuwa wakihangaika na asili na kiasi, mimi naona mananasi.

Mwaka uleule, alasiri ya kuamkia Idi, bibi aliniita jikoni. Udi umeshaiva, ameushusha, mikono yake inanukia. "Haya mke mwenzangu, leta daftari uandike. Kichwa changu si kabati, na mama yako mdogo hana subira ya kuandika." Ungemsikia, ungedhani mimi ninayo! Nje wasichana wa mtaa walikuwa wameshachora mistari ya rede, na wananiita kwa jina, kwa sauti, kwa sababu timu yetu ilikuwa na upungufu wa mtu mmoja.

Nikaandika vipande vya udi, finjani nne. Marashi, finjani tatu. Ambari, nusu kijiko. Tukafika kwenye sukari, bibi akaanza kunieleza taratibu kwamba kipimo kizima ni kadhaa, theluthi yake ni kadhaa, halafu kuna ya sufuria.

"Bibi, jumla ngapi? Sema jumla niandike."

Akalitazama goti langu linavyocheza. "Jumla sita."

Nikaandika sita, nikatupa kalamu, nikatoka mbio. Tulifungwa.

Kidato cha tatu tulifundishwa hisabati na mwalimu mwanamke wa kutoka bara, mfupi, mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. Alitakiwa kufundisha kwa Kiingereza, naye alifanya hivyo mpaka nyuso zetu zilipomtia huruma, ndipo akasukuma mlango kidogo na kutueleza kwa Kiswahili. Siku ya kinyume cha fanksheni aliuliza, "Asubuhi unavaa gauni, halafu buibui. Ukirudi nyumbani unavua kipi kwanza?" Tukajibu kwa pamoja, "Buibui!" "Kuna anayeweza kuvua gauni kabla ya buibui?" Tukacheka mpaka darasa la jirani wakatugongea ukuta. Akasema hiyo ndiyo siri yote, la mwisho kufanywa ndilo la kwanza kufumuliwa. Nikajiona nimeelewa kuliko wote, nikatazama dirishani kwa muda uliobaki.

Mwaka huo ndio bibi alipata kiharusi. Ilikuwa asubuhi, yuko uani, mimi najifunga tai ya shule. Nilisikia kishindo cha sinia. Aliporudi kutoka hospitali mkono wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalikuwa yamekwisha. Alitoa sauti, lakini sauti hazikufika kuwa maneno. Na mama mdogo alikuwa ameshaposwa. Alikuwa anaolewa Msata, siku imetajwa, watu wameshaalikwa. Bibi aliyapokea yote, hata kulishwa uji kwa kijiko alikupokea. Kitu kimoja alikishikilia. Kila siku alikielekezea chetezo mkono wa kushoto, kisha akamwelekezea mama mdogo, mara kwa mara, mpaka jasho linamtoka.

"Anataka nitoke na udi wa nyumbani," mama mdogo akasema. Akanigeukia. "Mwanangu, lile daftari unalo?"

"Ninalo."

Nilisema hivyo kwa majivuno, mbele ya bibi, na bibi akafumba macho akatulia kwa mara ya kwanza katika wiki tatu. Ukitaka kujua nini kilikuwa mikononi mwangu, ni hicho. Bibi alitaka binti yake wa mwisho atoke akinukia nyumba aliyozaliwa, na katika dunia nzima aliyekuwa na kipimo ni mimi.

Nikakaa chini na daftari langu la darasa la sita. Nilichoandika kilikuwa cha Idi, theluthi, na bi harusi anataka kipimo kizima. Basi turudi tulikotoka. Vipande vya udi, finjani nne mara tatu, kumi na mbili. Marashi tatu mara tatu, tisa. Ambari nusu mara tatu, kijiko kimoja na nusu. Kwenye sukari ndipo nikajifanya msomi. Nikajua ndani ya sita kuna mbili za sufuria. Nikajua pia la mwisho hufumuliwa kwanza. Nikajiuliza kipi kilikuwa cha mwisho, nikaiona sufuria kwa macho yangu: sukari yake huungua mwanzo kabisa, kabla ya kitu chochote. Ya kwanza kuingia, basi nitaitoa mwisho. Nikazidisha sita kwa tatu, kumi na nane, nikatoa mbili, kumi na sita. Wakati wa kupika ukiongeza mbili za sufuria inarudi kumi na nane. Nikapiga mstari chini ya jibu, mistari miwili.

Vipande vya udi tulivichukua kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la dawa na manukato, aliyekuwa akimuuzia bibi toka zamani. Alituuliza hali yake, akasikitika, akatumiminia makopo mawili mpaka chini ili zitimie finjani kumi na mbili. Tukapika Jumatano, harusi ikiwa Ijumaa. Mama mdogo alikoroga, mimi nilipima. Niliona shira ni nyingi. Niliona vipande vinaogelea badala ya kuvishwa, na wala sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa nimepiga mistari miwili.

Alhamisi vilikuwa bado vinanata. Tukakipeleka kimoja kwenye chetezo. Moshi ulipopanda ulikuwa mtamu, kisha ukawa mtamu zaidi, kisha ukanuka sukari iliyoungua, kama jiko la mpika kashata. Mama mdogo akanitazama. Kutoka chumbani tukasikia bibi anapiga kitanda kwa kiganja.

Tulimkuta uso umemjaa ghadhabu. Akainua vidole viwili. Mama mdogo akamletea maji, akakataa. Vidole viwili tena.

"Nimeziweka, bibi," nikasema. "Za sufuria nimeziweka, mbili."

Akatikisa kichwa kwa hasira, akaivuta tasbihi yake iliyokuwa begani. Kwa mkono ule wa kushoto, taratibu mno, akasukuma punje mbili zikaenda mbali, upande mwingine wa uzi. Akazifunika kwa kidole gumba. Kisha akasukuma nne. Akanitazama. Akasukuma nne nyingine. Kisha nne nyingine. Zile mbili bado ziko chini ya gumba, hazijaguswa.

Nilikuwa nimesimama mguu mmoja, na nakumbuka niliushusha wa pili. Zile sita zilikuwa nne na mbili. Nne zilikuwa theluthi, mara tatu ni kumi na mbili, na mbili za sufuria juu yake, kumi na nne. Zilitangulia kuungua, lakini katika hesabu ya bibi zilikuja mwisho, baada ya theluthi kushakatwa. Kwa hiyo zilitakiwa zitoke kwanza. Mimi nilifuata moto, yeye alifuata hesabu. Nilizidisha hata sukari ambayo haikujua theluthi, nikatia finjani nne zaidi. Na mwalimu alinieleza, na bibi alikuwa anaanza kunieleza, wote wawili, na mimi nina safari zangu.

Nilikimbia dukani, kanga imenifunguka njiani. Sukari ya ziada haitoki kwenye shira, maji yakimwagika hayazoleki, ila nilifikiri tukipata udi mwingine tutapika upya. Yule mzee aliyainamisha makopo mbele yangu, yote mawili.

"Tazama mwenyewe, mwanangu. Mpaka mzigo uje kutoka Unguja. Mwezi ujao, inshallah."

Niliporudi nilimwomba mama mdogo tununue ubani wa kawaida, afukizwe huo, watu hawatajua. Nilikuwa nalia na ninatembea, huku na huku, nikigonga vyombo. Akanishika mabega akanikalisha juu ya mbuzi ya nazi.

"Nitafukizwa huuhuu," akasema. "Umepikwa nyumbani, kwa mkono wa nyumbani. Tulia."

Basi Ijumaa mama mdogo alitoka na hina mpaka kiwikoni, amependeza kuliko siku zote, ananukia sukari ya kuungua. Niliwaona wanawake wazima wakiinama kumbusu na kunusa mtandio, halafu wakitazamana. Hakuna aliyetaja nyumba. Alipoingia kumuaga bibi, bibi alimvuta kwa mkono mmoja, akaweka pua shingoni kwake, akakaa hapo. Nilisubiri ageuze uso ukutani. Hakugeuza. Alipomwachia, shavu lake lilikuwa limelowa, na kama lilikuwa limelowa kwa furaha au kwa udi wangu, sikuwa na wa kumuuliza.

Niliapa kwamba mzigo ukija nitapika kumi na nne, nimpelekee chetezo palepale kitandani, anuse, aridhike. Mzigo ukaja, na mwenye duka akanitumia habari. Tulikuwa na mitihani ya muhula. Nikasema nitapika likizo, nipike kwa utulivu, safari hii bila haraka. Mimi, ambaye sijawahi kungoja hata chai ipoe, hapo ndipo nilipoamua kungoja. Bibi alifariki siku tisa kabla shule haijafungwa.

Nilipika baada ya arobaini. Nilitenga mbili kwanza, nikazidisha nne zilizobaki, nikaziongeza mbili juu ya kumi na mbili. Nilimwonesha na mwalimu hesabu ile bila kumwambia ni ya nini, akaitia vema nyekundu. Vipande vilivaa shira vizuri, vikakauka kwa siku moja, havikunata hata kidogo. Mama mdogo alikuwa amekuja kutoka Msata, ana mimba changa, kila harufu inamchafua. Nikamwekea chetezo mbele yake. Akafumba macho. Akavuta pumzi mara moja, mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya mlango kwa mikono yote miwili ili nisizunguke.

"Ndio wenyewe?"

"Nafikiri," akasema.

"Unafikiri, au ndio?"

"Sijui, mwanangu. Nimezaliwa ndani yake. Sikuwahi kuunusa, ulikuwa upo tu."

Nyumba ile imeuzwa, kisima kimefukiwa, na duka la yule mzee sasa linauza vioo vya simu. Wale wanawake waliokuwa wakimjua bi harusi kwa mtandio wamekwisha mmoja mmoja. Wa mwisho nilimzika mwaka juzi, na hata yeye pua ilikuwa imeshamtoka kabla ya roho. Siku hizi maharusi wanapuliziwa manukato ya chupa, yanafanana yote, kutoka Bunju mpaka Chalinze. Mimi naupika kila Idi. Nina hesabu sahihi, nimeifanya mbele na kinyumenyume, naweza kukufanyia hapa nikiwa nimesimama. Nawagawia majirani, nawapelekea wenzangu kazini, nilimfukiza binti yangu alipotimiza siku arobaini tangu azaliwe. Wote wanausifu. Hakuna hata mmoja anayeweza kuniambia kwamba nimekosea.